Kichwa Hakinyamazi: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Watu watatu wanaweza kukwambia "kichwa changu hakinyamazi" na kila mmoja akawa na jambo lake. Wa kwanza amelala chali Kisauni, Mombasa, saa sita za usiku akipiga hesabu ya kodi ya nyumba. Wa pili ni mama aliyejifungua majuzi, ambaye sasa anaogopa kushika kisu cha jikoni kwa sababu ya wazo lililompitia akiwa amempakata mwanawe. Wa tatu ni kijana aliyetafuna muguka tangu alasiri na hajui tena kama anayesema ni yeye au ni majani. Wape wote ushauri ule mmoja wa barazani, "wacha kuwaza sana, tulia", na hakuna atakayepata nafuu. Yule mama huenda akazidi.

Kwamba "wacha kuwaza" haifanyi kazi si maoni yangu tu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, huko Texas, waliwaambia watu wasimwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye walipoambiwa sasa wawaze huyo dubu wakipenda, walimwaza kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukitaka kuhakikisha huwazi kitu, sharti sehemu ya akili ibaki ikikichungulia kama kipo, na kule kuchungulia ndiko kunakokileta.

Kwa hiyo hapa hatutafuti kimya. Tunatafuta kinacholisha kelele, tukiondoe. Kabla ya kusoma zaidi, chukua kipande cha karatasi ujibu haya: kelele huja saa ngapi? Ni mambo mengi yanayorukiana, au ni wazo moja linalorudi? Na likija, wewe hufanya nini? Jibu la tatu ndilo lenye thamani zaidi, nalo ndilo watu hulisahau.

Ukiweka kichwa kwenye mto tu, yanaanza

Chanzo cha kawaida ni kwamba siku nzima haikuwa na nafasi. Umeamka alfajiri, umesukumana kwenye feri ya Likoni, umefanya kazi, na hata ndani ya matatu masikio yalikuwa na muziki na macho yalikuwa kwenye simu. Kitandani ndipo mahali pa kwanza ambapo hakuna anayekuuliza kitu. Ubongo usiokuwa na kazi haulali doro. Tangu utafiti wa Marcus Raichle mwaka 2001 inajulikana kwamba kuna sehemu za ubongo ambazo huchangamka hasa mtu akiwa hana shughuli, na kazi yake kubwa ni kupitia yaliyopita na kupanga yajayo. Hakuna kilichoharibika. Umeupa kikao chake saa mbaya, basi.

Uupe saa nyingine. Thomas Borkovec na wenzake walijaribu jambo hili mwaka 1983: mtu anatenga nusu saa kila siku, mahali pale pale, ya kuwa na wasiwasi kwa makusudi, na hofu ikija nje ya saa hiyo anaiahirisha. Kwa Mombasa ningesema baada ya laasiri, kabla ya magharibi, ukiwa mbali na kitanda. Kama uko karibu na bustani ya Mama Ngina, benchi za pale zinafaa; kama huko karibu, ngazi za nyumba zinatosha. Barazani kwa watu hapafai. Pale wasiwasi wako utageuka siasa, na utarudi nyumbani na wa wenzako juu ya wako.

Pili, andika kabla ya kulala. Michael Scullin, Marekani, alichapisha mwaka 2018 utafiti ambapo watu walipewa dakika tano za kuandika kabla ya kuzima taa. Walioandika mambo ya kufanya siku zijazo walipata usingizi kama dakika tisa mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya, na walioandika kwa undani zaidi walilala upesi zaidi. Huo undani ndio siri. Ukiandika "deni", hujaandika kitu. Andika: "Jumatatu saa nne nimpigie mwenye nyumba, nimwombe nilipe nusu tarehe 5 na nusu tarehe 20." Tena kwa kalamu na karatasi, maana ukifungua simu kuandika mstari mmoja utatoka huko saa saba.

Ikiwa umejilaza kwa muda unaohisi kama dakika ishirini na usingizi haujakaribia, ondoka kitandani. Usiangalie saa, kadiria tu. Ushauri huu ulianza na Richard Bootzin mwaka 1972, na mpaka leo ni nguzo ya matibabu ya kukosa usingizi. Kitanda kinachotumiwa kwa kuwaza huzoeleka kuwa mahali pa kuwaza. Najua wengi wetu hatuna sebule ya kwendea, mko wanne chumba kimoja. Basi tandika mkeka karibu na mlango, kaa hapo kwenye mwanga hafifu mpaka kope ziwe nzito, kisha urudi.

Halafu kuna joto, ambalo miongozo mingi ya usingizi hailigusi kwa kuwa imeandikwa kwenye nchi za baridi. Mwili hulala ukishuka joto lake. Februari na Machi, upepo umekata, godoro la sponji limeshika moto na stima imepotea, utakuwa macho hata ungekuwa huna deni la mtu. Kuna usiku ambapo si mawazo yanayokunyima usingizi. Joto ndilo limekuamsha, na mawazo yamekuja kwa kuwa yamekukuta macho. Oga maji ya kawaida saa moja hivi kabla ya kulala, teremsha godoro sakafuni, acha dirisha wazi kama lina wavu. Ukilala vizuri kwa hayo peke yake, umepata jibu lako na huna haja ya kuendelea na sehemu hii.

Unalala, lakini saa tisa za usiku macho yako kodo

Kuzinduka usiku ni kawaida. Usingizi wa nusu ya pili ya usiku ni mwepesi, na wengi huzinduka wakalala tena bila kukumbuka. Tatizo linaanza pale unaposhika simu. Saa hiyo hakuna ofisi iliyo wazi, hakuna wa kumpigia, na kila jambo linaonekana kubwa kuliko litakavyokuwa saa mbili asubuhi. Jiwekee sheria: kati ya saa nane za usiku na alfajiri hakuna uamuzi unaopitishwa. Hakuna kuangalia salio la M-Pesa, hakuna kufungua programu za mikopo, hakuna kumwandikia mtu ujumbe wa kumaliza ugomvi.

Ukiwa umelala hapo, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, polepole, kama dakika tano. Moyo hupunguza mwendo kidogo unapotoa pumzi, kwa hiyo ukirefusha kutoa, mwili unashuka. Kazi ya zoezi hili ni kutuliza mwili. Ukilitumia kufukuza mawazo, utakuwa umerudi kwa dubu mweupe.

Nami sitakudanganya: kama deni ni la kweli, pumzi hazilipi deni. Asubuhi orodhesha kila unachodaiwa, mikopo ya simu, duka, chama na jamaa, kwenye ukurasa mmoja, kiasi na tarehe. Mara nyingi jumla huwa ndogo kuliko ile iliyokuwa ikisemwa gizani. Na ikiwa ni kubwa kweli, sasa una kitu cha kumwonyesha mtu anayeweza kukusaidia kupanga.

Kitu kimoja cha kuangalia hapa: ikiwa unaamka mapema mno karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda hayakuvutii, na mwili mzito, huo huenda ni unyogovu, na mbinu za usingizi peke yake hazitatosha. Nenda sehemu ya mwisho.

Mawazo yanakimbia, moyo nao unakimbia

Anza na kilichopita mdomoni.

Muguka na miraa vina kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo kwa namna inayofanana na amfetamini. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na siasa yake tuwaachie wenyewe. La kuhusu kichwa chako ni hili: handasi, yaani ile stimu yake, ikipanda unajiona mwerevu na mawazo yanamiminika, ikishuka unabaki na huzuni, hasira za bure, na macho makavu. Wengi huja kulalamikia ule ushukaji na kusahau ule upandaji. Kisha wanakunywa pombe ili "kukata stimu" wapate kulala. Pombe inakulaza upesi na kukuamsha katikati ya usiku, na hapo ndipo tulipotoka.

Kahawa nayo. Vikombe vya kahawa tungu ni vidogo, lakini nani amewahi kunywa kimoja baada ya isha? Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, na kwa wengine zaidi. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu kafeini nyingi, miligramu 400, saa sita kabla ya kulala, na bado iliwapunguzia usingizi kwa zaidi ya saa moja. Jaribu wiki mbili bila kahawa, chai ya majani wala soda za kuongeza nguvu baada ya adhuhuri. Kama ulikuwa mnywaji mkubwa punguza taratibu, la sivyo kichwa kitakugonga siku za mwanzo na utadhani ushauri ni mbaya. Tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai haina kafeini. Barazani hakuna atakayejua tofauti.

Kama hutumii chochote kati ya hivyo, kapime damu. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku unakula, na kushindwa kuvumilia joto (hili la mwisho ni gumu kulijua Mombasa, najua). Baadhi ya dawa pia hufanya hivyo: za pumu kama salbutamol, zile za steroidi, na meflokwini ya malaria. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari unachokisikia.

Kuna hali nyingine ambayo isifanyiwe majaribio nyumbani. Mtu analala saa mbili, anaamka na nguvu tele, anazungumza haraka bila kituo, ana mipango mikubwa ghafla, anatumia pesa ovyo, na hasikii kwamba ana tatizo. Huyo apelekwe hospitali siku chache hizo hizo.

Wazo chafu linalokujia bila kualikwa

Uko kwenye feri na linakupitia wazo la kumsukuma aliye mbele yako majini. Uko katika sala, au katikati ya misa, na matusi dhidi ya Mungu yanapita kichwani. Unamwogesha mtoto, na picha ya kumzamisha inakuja. Hakuna dalili inayofichwa kuliko hii, kwa sababu mwenye nayo anaamini yeye peke yake ndiye ameharibika.

Si peke yako hata kidogo. Rachman na de Silva walionyesha mwaka 1978 kwamba watu wa kawaida kabisa hupata mawazo ya aina hiyo hiyo waliyo nayo wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwauliza wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, na karibu asilimia 94 walisema limewajia angalau moja katika miezi mitatu iliyotangulia. Kuhusu akina mama waliojifungua, utafiti wa Kanada wa mwaka 2008 ulikuta karibu nusu yao wamepitiwa na wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi. Hawakuwadhuru.

Kwa nini basi wengine wanapitiwa tu, na wengine wanakwama? Kwa sababu ya tafsiri. Anayekwama hujiambia, "Nikiwaza hivi, basi ndivyo nilivyo." Ndiyo maana wazo hung'ang'ania pale unapopenda zaidi: mcha Mungu kwenye dini yake, mama kwenye mtoto wake. Wanaoswali watakumbuka ile hadithi ya Sahihi Muslim: masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia wanakuta nafsini mwao mambo wanayoona ni makubwa mno kuyatamka, naye akawajibu kuwa hiyo ni imani iliyo wazi. Kule kuchukizwa ndiko kulikohesabiwa. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuuandikia waswasi, yaani mawazo kama haya yanayong'ang'ania bila kutakwa, kama mojawapo ya maradhi ya nafsi yenye tiba, pembeni ya hofu, hasira na huzuni. Kwa hiyo anayekwambia kwamba hospitali na dini haviketi pamoja katika jambo hili hajasoma vyake.

Sasa la kufanya. Wazo likija, litambue: "hili ni waswasi." Mara moja. Usibishane nalo, usilikanushe, usijipime kama kweli ungeweza. Kubishana na wazo ni kama kumrushia kunguru mkate ili aondoke. Endelea na kilichokuwa mkononi. Ikiwa unakata kitunguu, kata kitunguu, mtoto akiwa hapo hapo, hofu ikiwa hapo hapo. Itapanda, itakaa, itashuka bila wewe kuishusha, na kila ikishuka hivyo ubongo unajifunza kwamba hakukuwa na hatari. Ukificha visu vyote, ubongo unajifunza kinyume chake.

Jihadhari na mtego mmoja. Mtu hujifunza kusema "hili ni waswasi", kisha anaanza kulisema mara ishirini mpaka lisikike sawasawa. Hapo limekuwa tambiko jipya.

Mpaka wa sehemu hii ni huu. Ninazungumzia mawazo yanayokutisha na usiyoyataka. Ikiwa unayataka, unayapangia, au unasikia sauti zinazokuamuru, usibaki na mwongozo. Vivyo hivyo mama mzazi ambaye hajalala siku kadhaa, amechanganyikiwa, au anaamini mtoto si wake au ana pepo: hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, wala si ya kusubiri arubaini iishe.

Unarudi kuangalia tena

Mama mmoja wa Majengo, tuseme, anafunga mtungi wa gesi, anashuka ngazi, anafika Mwembe Tayari, na moyo unamwambia hakufunga. Yuko na mwanawe.

"Uliuangalia vizuri ule mtungi?"

"Umefungwa, mama. Niliuangalia."

"Hebu niapie."

"Wallahi umefungwa."

Kiapo kinadumu mpaka kituo kinachofuata. Wakifika Likoni ameshauliza tena, na kesho kiapo kimoja hakitatosha.

Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa watu jiko la gesi la kwenye kompyuta walifunge na kulikagua tena na tena. Waliokagua sana walikumbuka sawa na wenzao, lakini kumbukumbu yao ilikuwa na ukungu na hawakuiamini. Kwa maneno mengine, shaka ni zao la kule kukagua. Mama yule hana kumbukumbu mbovu. Ameitumia mpaka imefifia.

Funga mara moja, polepole, ukitazama kitasa kinavyozunguka mpaka mwisho. Ondoka. Usipige picha kwa simu; kesho utakuwa unaikagua picha. Hamu ya kurudi ikiwa kali, icheleweshe dakika kumi, kesho ishirini. Nao wa nyumbani wakubaliane na mgonjwa, akiwa ametulia, kwamba hawatajibu tena swali hilo. Si kwa ukali. "Mama, hilo tulikubaliana silijibu. Twende, feri itatuacha."

Kwa udhu na nia ya sala, kanuni ya fiqhi iko wazi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Muulize shekhe mmoja unayemwamini, mara moja, ushike jibu. Ukiona unamtafuta shekhe wa pili kwa swali lile lile, huko nako ni kukagua mtungi.

Tiba ya kumsaidia mtu akabili hofu bila kurudia tambiko ilianzishwa London na Victor Meyer mwaka 1966, na ndiyo inayotumika hadi leo. Kukagua, kunawa au kuhesabu kukikula zaidi ya saa moja kwa siku, itafute hiyo tiba kwa mtaalamu.

Ya jana hayaishi

"Kwa nini alinijibu vile mbele za watu?" Hapa jiulize jambo moja: dakika kumi hizi za kuwaza zimeleta jipya lolote? Kama hazijaleta, badilisha swali kutoka "kwa nini" liwe "nitafanya nini, na lini". Likikosa jibu, inuka utembee. Mwambie mtu mmoja, si saba. Kisa kikisimuliwa kwa sauti za WhatsApp mchana kutwa hukaa kichwani usiku kucha.

Umejaribu, haikubali

Jaribu jambo moja kwa wakati, wiki mbili, ndipo uhukumu. Kisha nenda hospitali: Hospitali Kuu ya Pwani, au Port Reitz kule Changamwe, ambako kuna kitengo cha magonjwa ya akili. Tiba ya mazungumzo husaidia hali karibu zote zilizotajwa hapa. Dawa za unyogovu husaidia wasiwasi na waswasi pia, ila kwa waswasi huenda zikachukua hata wiki 12, kwa hiyo usiziache wiki ya pili ukisema zimeshindwa. Ninachokipinga ni kununua diazepamu dukani bila karatasi ya daktari. Siku chache inalaza, baadaye huwezi kulala bila yake.

Dua na kisomo endelea navyo. Lakini yeyote anayekuambia utupe dawa za hospitali, au anayemfunga na kumpiga mgonjwa ili pepo "atoke", mwondokee.

Mawazo ya kutaka kufa yana utaratibu wake. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au Befrienders Kenya, 0722 178 177. Familia nyingi zilikuwa zikiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kama ni mtu wako, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo kichwani. Ondoa dawa za panya na vidonge nyumbani, usimwache peke yake, na mkifika hospitali mwambie muuguzi wa kwanza mnayemkuta neno hilo hilo, kujiua. Ukisema "hajisikii vizuri" mtapewa foleni.